Kumwachia tarponi sio ufujaji, tatizo ni vile tunavyomwachia

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Majuzi mlichapa barua ya msomaji aliyeona klipu ya watu wa Florida wanavua samaki mkubwa kama mtu mzima, wanampiga picha, alafu wanamwachia anarudi zake baharini, na yule ndugu akaandika kwa uchungu kabisa kwamba huo ni ufujaji, samaki yule angelisha mtaa mzima, na kwamba ni dharau kwa riziki. Uchungu wake naujua kwa sababu maneno hayohayo niliyasema mimi mwaka 2014 nilipofika huku Florida, Marekani, tena niliyasema kwa sauti mbele ya watu. Mimi ni mtoto wa Kilwa Kivinje, baba yangu alikuwa mvuvi wa mshipi, na nyumbani kwetu samaki aliyeingia chomboni hatoki, anatoka kwenda sokoni au kwenda jikoni. Huku nilianza kwa kuosha boti gatini kwenye mji wa Punta Gorda, saivi ni msaidizi kwenye boti inayopeleka wageni kuvua, kwahiyo haya ninayoandika nayaona kwa macho na kuyashika kwa mikono kila mwaka kuanzia mwezi wa nne mpaka wa saba.

Samaki wa kwenye klipu ile anaitwa tarponi. Ni wa fedha mwili mzima, mdomo wake umepinda kwenda juu kama mtu aliyenuna, na magamba yake jamani, gamba moja ni kubwa kuliko mdomo wa kikombe cha kahawa. Anaweza kupita mita mbili kwa urefu. Rekodi ya dunia ya samaki huyu kwa uvuvi wa rodi, ile fimbo ya kuvulia, ipo Afrika, alivuliwa Guinea-Bissau mwaka 2003 akiwa na kilo 130, maana upande wa bahari ya Atlantiki anapatikana Marekani, Karibi, Brazil na pwani ya Afrika Magharibi pia. Na kwetu Bahari ya Hindi yupo ndugu yake, mdogo sana kuliko huyu, anaingia mpaka mitoni kwenye maji baridi, ila huyo hakuna mtalii anayepanda ndege kwa ajili yake.

Nyumbani tuna ule msemo, hasira ya mkizi furaha ya mvuvi, kwa sababu mkizi akichachamaa anaruka mwenyewe na kuangukia kwenye chombo. Tarponi naye ana hasira kuliko mkizi lakini hasira yake ndo inayomwokoa. Akishapata ndoana anaruka juu mwili mzima, anatikisa kichwa mpaka unasikia matamvua anayopumulia yanagonga, na mdomo wake ni mgumu kama mfupa, ndoana inakosa pa kushika inachomoka. Ndo maana hapa akiruka kapteni anapiga kelele inama! inama! maana yake mgeni ashushe rodi aelekeze kule kwa samaki ili mshipi ulegee, ukibaki umekaza na kilo 60 au 70 zinaanguka juu yake unakatika palepale. Wanasema unamwinamia mfalme, kwa sababu jina lake la utani ni Mfalme wa Fedha. Mara ya kwanza kumwona karibu, mita tano tu kutoka kwangu, jua la asubuhi linampiga ubavuni, nilisahau kazi niliyokuwa naifanya, nilisimama tu na ndoo mkononi.

Sasa kuhusu kumla. Kwanza nyama yake ina miiba midogomidogo mingi sana, watu wa Florida hawamli kabisa, ila kuna nchi wanamla na sina ubaya nao, Brazil wanamla, Afrika Magharibi wanamla, mtu mwenye njaa simfundishi mimi cha kufanya na samaki wake. Shida ni umri. Sisi tumezoea dagaa na vibua ambao wanazaa upesi na kukua upesi, ukimtoa mmoja bahari inajaza haraka. Tarponi jike anachukua kama miaka 10 kabla hajaanza kuzaa, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Kule Chicago kwenye Shedd Aquarium, nyumba ya kuonyesha samaki, alikuwepo mmoja aliyeishi humo zaidi ya miaka 60! Kwahiyo yule uliyemwona kwenye klipu huenda anamzidi umri yule aliyemvua, na jike mmoja mkubwa anabeba mayai kwa mamilioni. Anatoka nje kwenye maji ya kina mbali na pwani, kwenye siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, anataga huko, alafu watoto wanarudi na mkondo wakiwa kama vipande vya nailoni inayoonekana mpaka ndani, wanaingia kwenye mikoko na kwenye vidimbwi vya maji yaliyotuama ambayo samaki wengine hawawezi kuishi. Wanaweza kwa sababu tarponi anapumua hewa. Kibofu chake cha hewa kinafanya kazi kama pafu, anapanda juu anagugumia hewa anarudi chini, ukikaa kimya alfajiri kwenye boti unawasikia kabla hujawaona.

Kama mtu anadhani samaki hawa hawawezi kuisha basi atazame Texas. Kuna mji unaitwa Port Aransas, zamani uliwahi kuitwa Tarpon kwa jinsi walivyokuwa wengi, na mwaka 1937 rais Franklin Roosevelt alienda pale kuvua, gamba la samaki wake lenye sahihi yake bado lipo ukutani kwenye hoteli moja ya zamani pamoja na magamba mengine mengi ya wageni. Zamani walikuwa wanawatundika gatini, wanapiga picha nao, alafu wanatupwa. Huo ndo ufujaji anaousema yule ndugu, na hapo naungana naye moja kwa moja. Kufika miaka ya 1960 tarponi wa Texas walikuwa wamepungua vibaya, wataalamu wanataja kuvuliwa kupita kiasi na mabwawa yaliyozuia maji ya mito yasifike baharini. Mji ukabaki na magamba ukutani.

Florida nako walikuwa wanawaua vilevile. Historia ya mchezo huu huku inaanzia mwaka 1885 karibu na Punta Rassa, alipovuliwa tarponi kwa rodi wakati watu waliamini haiwezekani, na baada ya hapo matajiri wakaanza kumiminika. Sheria zilikaza polepole, na toka mwaka 2013 tarponi wa Florida ni wa kuvua na kuachia tu. Kuna kibali kimoja cha kama dola 50 kwa mtu kwa mwaka kwa anayetafuta rekodi, basi, wengine wote mwachie. Alafu kuna kipengele ambacho watu wengi wanakipita bila kukisoma na ndicho kilichonifanya niandike barua hii. Tarponi aliyezidi inchi 40, yaani karibu mita moja, haruhusiwi kutolewa kwenye maji. Unamvua, unamleta ubavuni mwa boti, unatoa ndoana akiwa majini, picha mnapiga akiwa majini, anaondoka.

Naomba nielezee kwanini kwa sababu mimi nimejifunza kwa njia mbaya. Mwaka wangu wa kwanza kwenye boti, sitaji boti ya nani, tulipata jike mkubwa kwa mgeni aliyetoka mbali, akapigana naye saa nzima na zaidi kwa sababu rodi ilikuwa nyepesi kuliko samaki. Alipofika ubavuni alikuwa amelala upande hana nguvu. Mgeni akataka picha amempakata, kapteni akakubali, mimi na mwenzangu tukamvuta ndani kwa mikono na kulabu mdomoni, akajigonga kwenye sakafu ya boti, magamba yakatawanyika kila mahali, wakampakata watatu, simu ya kwanza haikutoa picha nzuri ikaletwa ya pili. Nakadiria dakika nne au tano. Alafu tukamrudisha. Watu wakapiga makofi, wote wanafurahi kwamba tumemwachia, tumefanya jambo jema. Mimi nilikuwa nimeinama pembeni naosha kulabu nikamwona anashuka, sio kuogelea, anashuka, tumbo juu, taratibu, maji ya pale yalikuwa safi nikamfuata kwa macho mpaka giza la chini likamchukua. Sikusema kitu kwa mtu. Usiku nikampigia baba simu nikamweleza, akakaa kimya kidogo akasema, mngemla basi. Na alikuwa sahihi! Samaki yule hakuliwa na hakuishi, na ukienda kuuliza kwenye boti ile wanakwambia aliachiwa.

Kwahiyo nikisema kuachia sio ufujaji nataka nieleweke vizuri, kuachia vibaya ni ufujaji mbaya zaidi kuliko kuua, kwa sababu anayeua anaona alichofanya.

Samaki mzito kama huyu kashikiliwa na maji maisha yake yote, ukimnyanyua nje uzito wake wenyewe unambana viungo vya ndani, na hapohapo ametoka kupigana, mwili umechoka hauna hewa, ni kama mtu amemaliza mbio alafu umzibe pua. Na maji ya hapa kuanzia mwezi wa tano ni ya moto na maji ya moto yanabeba hewa kidogo. Kisha kuna papa. Pale Boca Grande Pass, mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Gasparilla na Cayo Costa, papa wanawajua wavuvi kuliko wavuvi wanavyowajua wao, wanafuata boti, na yule papa mkubwa mwenye kichwa cha nyundo akimwona tarponi aliyechoka hamwachi. Ukimwachia samaki kabla hajarudisha nguvu umemwekea papa sahani. Kapteni ninayefanya naye kazi saivi akiona kivuli cha papa anakata mshipi hapohapo bila kumwuliza mgeni, samaki akiwa bado na nguvu za kukimbia, mgeni akilalamika anamwambia hela yako nitakurudishia, na nimemwona akirudisha kweli.

Namna nzuri ni hii tunayofanya sisi. Rodi nzito na mshipi mzito ili vita iwe fupi, ikifika nusu saa na samaki hajaja tunavuta kwa nguvu zote, aje au akatike. Ndoana za duara, zile zilizopinda kurudi ndani, kwa sababu zinashika kwenye pembe ya mdomo haziingii tumboni. Chambo chetu kikubwa ni kaa. Na hapa wavuvi wa nyumbani watanielewa haraka, wakati mzuri Boca Grande ni siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapotoka kwa kasi jioni yanawazoa kaa kutoka kwenye hori yote ya Charlotte Harbor na kuwapeleka nje, wanapita juujuu, na tarponi wanawasubiri mlangoni wamejipanga. Nikiwa pale najiona niko Kivinje kabisa, hesabu ni ileile ya mwezi aliyonifundisha baba, hamna programu ya simu inayoishinda. Akishafika ubavuni mtu mmoja anashika taya la chini kwa glavu, mwingine anatoa ndoana kwa koleo refu, ikiwa imeingia mbali tunakata mshipi karibu na mdomo tunaiacha. Mgeni analala kifudifudi ukingoni, mkono mmoja kwenye maji, anapigwa picha yake, sekunde chache tu. Alafu boti inatembea mbele polepole sana na samaki kashikwa taya, maji yanapita kwenye matamvua, mpaka aanze kupiga mkia mwenyewe na kukunyang'anya mkono. Hapo ndo unaachia. Kuna siku tunakaa hivyo dakika kumi na mgeni anachoka kusubiri, asubiri.

Na hela ipo wapi, maana najua kuna mtu anauliza. Nusu siku ya kuvua tarponi mgeni analipa dola mia kadhaa, bado hajalala hoteli, hajala, hajanunua mafuta wala chambo. Kuna vijana wanaishi kwa kuvua kaa wa chambo tu. Samaki yuleyule mmoja anaweza kuvuliwa mwaka huu na boti hii na mwaka ujao na boti nyingine, na kote huko ametoa mshahara. Mwaka 2018 tuliona ikikosekana inakuwaje. Ule mwani mwekundu wenye sumu ulikaa baharini miezi na miezi, samaki wakafa fukwe nzima za Sanibel na Boca Grande, tarponi wakubwa wanaelea, kasa, nguva, harufu unaisikia ukiwa ndani ya gari umefunga vioo, na gavana akatangaza hali ya dharura mwezi wa nane. Gatini kwetu boti zilifungwa kamba zikakaa. Nilirudi kuosha boti ambazo hazikuwa zimechafuka, mwenye gati alitupa kazi ile kwa huruma tu. Mwaka 2022 kimbunga Ian kikaja kikatua palepale Cayo Costa, nacho kikavunja magati, lakini magati yanaweza kujengwa tena. Samaki wa miaka 40 hujengi.

Nina neno kwa ndugu zetu Waswahili tulio huku, Watanzania, Wakenya, Wakongo, maana wikiendi nyingi tunakutana kwenye madaraja usiku, kuna pweza wa kukaanga, kuna chai ya maziwa, watoto wanakimbia, ni raha na mimi nakuja nikipata nafasi. Ila tarponi akishika kwenye mshipi wako pale darajani, kaka, tafadhali usimvute kwa kamba mpaka juu kwa ajili ya picha ya kutuma kwenye grupu la familia. Utamning'iniza kwa mdomo na kilo zake zote hizo, mdomo na matamvua vinachanika, na hata ukimtupa akarudi majini anaanguka kutoka juu kama gunia. Sheria ipo na faini ipo, lakini hata isingekuwepo. Mfurahie anavyoruka, mwite mkeo aone, alafu kata mshipi karibu na samaki kadri unavyoweza. Mwaka jana niliwaona vijana wetu wanne wanamvuta mmoja hivyo, nikawasalimia kwa Kiswahili, nikawaeleza, walikuwa hawajui kabisa, walidhani wakishamrudisha sheria wameitimiza. Wakakata.

Na kwa nyumbani. Simwambii mvuvi wa Kilwa au wa Shimoni aachie samaki wake, yule anavua chakula na ada ya shule, na mwenye kuniambia nimwambie hivyo hanijui. Nasema kwa wenye boti za wageni, Watamu, Malindi, Mafia, Zanzibar, wanaovua sulisuli, wale samaki wakubwa wenye mdomo kama mkuki, kwa mchezo na kuwaachia. Kazi hiyo ni nzuri na wapo wanaoifanya vizuri sana, Watamu kuna shirika la African Billfish Foundation wanaweka samaki alama kabla ya kuwaachia ili wajulikane wanakwenda wapi, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini naona pia picha mtandaoni za sulisuli amewekwa mapajani mwa watalii wawili kwenye kiti, jua kali, rangi yake ya bluu imeshaanza kufifia, na chini yake pameandikwa ameachiwa salama. Mabaharia wanaoshika wale samaki ni vijana wetu, ndio wenye mikono, mtalii hajui kitu, atafanya utakachomwambia. Ukimwambia kwenye boti hii picha ni majini atakubali, sisi wageni wetu wote wanakubali, na wengi wanasema picha ile ni nzuri zaidi kwa sababu samaki anaonekana yu hai.

Mmoja wa vijana hao ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ameanza kazi ya boti mwaka huu huko Mafia na wiki iliyopita alinitumia picha ya aina hiyohiyo, anacheka, na mimi nilivyo mjomba wake nilifurahi kwa ajili yake kabla sijaangalia samaki. Nimeongea naye kwenye simu saa nzima. Kuna mtu anakuja Dar mwezi wa tatu, nimempa koleo la kutolea ndoana, lile la mpini mrefu, na glavu jozi mbili, moja yake na moja ya mwenzake wa boti, amfikishie.

Wako,
Mtoto wa Kivinje, Punta Gorda, Florida